Mwacheni binti aorodheshe mabaya yake

"Usijitabirie mabaya, mwanangu." Nimeisikia tena wiki hii, kutoka kwa mama aliyeniletea binti yake nimfundishe "kuwaza chanya" kabla ya usaili wa kazi. Binti ana karatasi: foleni ya Ubungo, vyeti kulowa, Kiingereza kupotea mdomoni, swali la mshahara. Mbele ya kila balaa kaandika dawa yake; kwa foleni, alale kwa shangazi Sinza. Mama anaona mkosi. Mimi naona tumaini.

Ndiyo, tumaini. Kwa mwanasaikolojia Snyder, aliyelifanyia kazi jambo hili miaka mingi, tumaini ni msukumo wa kulifuata lengo pamoja na njia za kulifikia. Karatasi ile imejaa njia.

Mtindo huu wanasaikolojia Nancy Cantor na Julie Norem waliuandikia mwaka 1986, wakauita pesimizimu ya kujihami: kutarajia mabaya ili ujiandae nayo. Mwaka 1996 Norem na Spencer wakawarushisha watu vishale. Wenye mtindo huu walilenga vizuri zaidi walipokwisha kuwaza makosa na namna ya kuyarekebisha. Walipotulizwa kwanza, wakaharibu. Wale wa "itakuwa poa tu" ikawa kinyume chake. Sasa niambie, ukimtuliza kwa nguvu mtu wa kundi la kwanza, umemsaidia nini?

Kinachonichosha ni kuchanganya hili na kukata tamaa. "Nitafeli kwa sababu mimi ni wa kufeli" haina hatua inayofuata. "Nikiulizwa hili nitababaika" inayo. Kuna na mkanganyo wa pili: kutarajia kufaulu si sawa na kuota umeshafaulu. Oettingen na Wadden (1991) waliwafuatilia wanawake waliotaka kupunguza uzito: waliotarajia kufanikiwa walipungua zaidi, ila walioelea kwenye ndoto tamu walipungua kidogo kuliko wenzao. Wahamasishaji wetu wa ukumbini hulipisha kiingilio kufundisha hicho cha pili!

Lakini mtindo huu una gharama, nami unanitia wasiwasi. Kupanga kunasaidia; kushusha matarajio peke yake huja na unyonge. Walioishi hivi chuoni walionyesha msongo zaidi kufikia mwaka wa tatu. Watetezi wake hujibu kwamba watu wenye hofu kama yao lakini wasiopanga huwa na hali mbaya zaidi. Sawa, ila jibu hilo halinitoshi kabisa, na kumfundisha mtu aishie wapi bado kunanishinda. Binti nilimwambia hivi: balaa likishapata dawa, usilirudie. Ukijikuta saa nane usiku unaongeza mengine, nipigie.