Je, wajua kwa nini Wiki ya Mei ya Cambridge huangukia Juni?

Mwulize mwanachuo yeyote wa Cambridge, Uingereza, Wiki ya Mei ni lini. Atakujibu katikati ya Juni, na wala hatacheka. Ndiyo wiki ya kufunga mwaka wa masomo: mitihani imekwisha, mashua zimekimbizana mtoni, watu wanacheza dansi hadi alfajiri, na zaidi ya wiki moja baadaye wanaohitimu wanavaa majoho. Mbio zina jina la Mei, madansi yana jina la Mei, wiki nzima ina jina la Mei, na hakuna kinachofanyika Mei.

Waliozoea Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambako mwaka mpya hulakiwa Julai, hawatashangaa sana. Ila Makunduchi wana hesabu yao ya siku, waliyoirithi na wanayoifuata. Cambridge wanatumia kalenda ileile iliyotundikwa ukutani kwako. Sasa Mei ilifikaje Juni?

Kwanza tukijue chuo chenyewe. Kwa wazee wetu waliosoma sekondari kabla Afrika Mashariki haijawa na mabaraza yake ya mitihani, Cambridge lilikuwa jina la cheti, maana mitihani ilitungwa huko na kusahihishwa huko. Chuo kikuu kilianza mwaka 1209, wasomi walipoikimbia Oxford baada ya ugomvi na wenyeji wa mji. Leo kina koleji 31. Koleji ya Cambridge si kitivo, wala si tawi la mkoani. Ni makao ya mwanachuo: humo analala, humo anakula, humo anakaa na mwalimu wake wakiwa wawili watatu wakijadili insha, na jina lake atalishabikia hadi uzeeni. Chuo kikuu kinabaki na mihadhara, mitihani na kutoa shahada. Koleji kongwe kuliko zote ni Peterhouse, ya mwaka 1284. Zitakazotajwa sana hapa ni mbili zilizopakana: St John's ya 1511, na Trinity, aliyoianzisha Mfalme Henry VIII mwaka 1546.

Mwaka wa masomo una mihula mitatu, kila mmoja ukiwa na wiki nane za masomo. Wa kwanza huanza Oktoba, wa pili Januari, wa tatu mwishoni mwa Aprili. Huo wa tatu ndio muhula wa mitihani, na ndio unaofunga mwaka katikati ya Juni.

Zamani wiki ya sherehe ilikuwa Mei kweli, na ilikuja kabla ya mitihani. Fikiria mpango huo: unakesha ukicheza, halafu ndiyo unaingia kwenye chumba cha mtihani. Katika karne ya 19 wiki hiyo ikasogezwa hadi baada ya mitihani, yaani Juni, na hapo ndipo ilipobaki. Iliposogea ilibeba kila kitu chake, jina likiwemo. Hilo ndilo jibu fupi.

Jibu hilo halimtoshi mtu, maana kubadilisha jina ni kazi ya kalamu tu. Ili uone kwa nini hakuna aliyejisumbua, nenda mtoni.

Mto Cam ni mwembamba na una kona kali. Mashua mbili za wapiga makasia wanane haziwezi kushindana bega kwa bega mwendo mrefu bila kugongana au kupanda ukingoni. Kwa hiyo tangu mwaka 1827 wanachuo walibuni mbio za kufukuzana. Mashua hupangwa msururu mmoja, kati ya moja na nyingine pakiachwa nafasi ya kama urefu wa mashua moja na nusu. Mzinga unalia mara ya kwanza: dakika nne zimebaki. Unalia mara ya pili: dakika moja. Wa tatu, kila mtu anavuta kasia kwa nguvu zake zote. Kazi yako ni kuigusa mashua iliyo mbele kabla iliyo nyuma haijakugusa wewe. Ukifanikiwa, ninyi wawili mnajitoa pembeni, wengine wapite, na kesho yake mnabadilishana nafasi. Mbio huenda siku nne, Jumatano hadi Jumamosi, na mashua zinazoshiriki ni zaidi ya mia, zimegawanywa katika madaraja. Wanawake walianza kuwa na mashindano yao ndani ya mbio hizi mwaka 1974.

Ni mchezo wa hatari kiasi. Mwaka 1888, katika mbio kama hizi za muhula wa pili, mpiga makasia mmoja alikufa baada ya kuchomwa na ncha ya mashua nyingine. Kutokana na ajali hiyo ncha ya mbele ya kila mashua huvishwa kitufe cha mpira, na kitufe hicho siku hizi kipo kwenye mashua za mbio sehemu nyingi duniani.

Sasa sikiliza sehemu ninayoiona tamu kuliko zote. Mbio hizi hazianzi upya. Mahali mashua ya koleji ilipomaliza Jumamosi ya mwaka jana ndipo inapoanzia Jumatano ya mwaka huu. Waliopata nafasi ile wameshahitimu na kutawanyika. Wanaoirithi pengine walikuwa hawajafika chuoni. Kijana wa mwaka wa kwanza anaweza kujikuta akilinda nafasi iliyopatikana kwa jasho la watu asiowajua, na akiipoteza, wanaomfuata watahitaji miaka kuirudisha, kwa sababu kwa kawaida mtu hupanda ngazi moja kwa siku. Msururu umekuwa ukisogea hivyo tangu enzi za mababu. Watu wenye mashindano ya namna hiyo, usitegemee waketi kujadili kama Mei ni Mei.

Kikosi kinachogusa kila siku kwa siku zote nne hupata haki ya kuwa na kasia lililopakwa rangi za koleji na kuandikwa majina yao kwa dhahabu. Utayaona makasia hayo yametundikwa kwenye kuta za baa na kumbi za koleji. Kikosi kinachoguswa siku zote nne nacho kina tuzo: husemwa kimepata vijiko. Koleji inayomaliza kileleni mwa msururu huitwa Mkuu wa Mto, na kwa desturi huchoma mashua chakavu ya mbao usiku wa sherehe, wapiga makasia wakiruka juu ya moto. Nani aliruhusu walioshiba divai kuruka moto, hilo ni swali la siku nyingine.

Madansi yanayoitwa May Ball yalizaliwa humohumo kwenye vilabu vya mashua vilivyotaka kusherehekea ushindi. Ushahidi bado umo kwenye jina: dansi la Trinity mpaka leo ni la Klabu ya Mashua ya Kwanza na ya Tatu ya Trinity. Klabu ya Kwanza ni ya mwaka 1825, sawa na ile ya St John's inayoitwa Lady Margaret. Ya Pili ilijifia katika karne ya 19, na mwaka 1946 ya Kwanza na ya Tatu zikaungana. Majina yakabaki na pengo lake katikati, bila aibu.

Dansi lenyewe si dansi tu. Ni viwanja vizima vya koleji vilivyogeuzwa usiku mmoja: jukwaa la bendi hapa, taarabu yao ya fidla na kinanda kule, chakula kila kona, bembea za umeme, fataki juu ya mto saa za usiku. Kwenye zile kubwa tiketi hupita paundi 200 kwa mtu mmoja, na ndiyo maana wanachuo wengi huomba kufanya kazi nusu ya usiku, wakibeba sahani na kumimina vinywaji, ili nusu iliyobaki waingie kama wageni. Wengine hujaribu njia za mkato, ukutani au majini, na walinzi huwasubiri hukohuko. Magdalene, koleji aliyosoma Kabaka Mutesa II wa Buganda miaka ya 1940, huwa na dansi lake kila baada ya miaka miwili, na wanaume bado hudaiwa tai nyeupe na koti la mkia. Wanaodumu hadi jua kuchomoza hukusanywa kwa picha moja ya pamoja, inayoitwa picha ya walionusurika. Ukiiona utakubaliana na jina.

Koleji zisizotaka gharama hizo, au zisizotaka makuu, huandaa sherehe ndogo na nafuu zaidi, na hizo huitwa Matukio ya Juni. Kwa hiyo usiku mmoja, katika wiki moja, mji mmoja, huyu anakwenda kwenye dansi la Mei na mwenzake anakwenda kwenye Tukio la Juni. Hapo ndipo wageni wengi wanapokata tamaa ya kuelewa.

Katikati ya makelele hayo yapo matulivu. Kwaya ya Trinity huimba jioni moja ya Juni ikiwa imekaa kwenye boti bapa zilizofungwa pamoja mtoni, zile zinazosukumwa kwa upondo, na watu husikiliza wakiwa kwenye majani ya ukingo.

Tumefika kwenye matokeo, maana bila hayo hakuna mahafali. Mtihani wa hisabati wa Cambridge ulikuwa na sifa ya kutisha: majina yalitangazwa kwa mpangilio kamili, wa kwanza hadi wa mwisho, na wa kwanza aligeuka mtu mashuhuri nchini. Mwaka 1890 Philippa Fawcett wa koleji ya Newnham alipata alama za juu kuliko huyo wa kwanza. Akatangazwa kuwa yuko juu yake, lakini cheo chenyewe hakupewa, na shahada hakupewa, kwa sababu alikuwa mwanamke. Cambridge ilianza kuwapa wanawake shahada kamili mwaka 1948. Chuo kinachojivunia kutosahau desturi kilichukua miaka 58 baada ya hapo kusahau hiyo moja.

Wa mwisho naye alikuwa na heshima yake. Aliyeshika mkia kati ya waliofaulu kwa daraja la heshima alishushiwa kijiko cha mti kwa kamba kutoka roshani, wenzake wakishangilia, wakati akipokea shahada mbele ya Makamu Mkuu wa Chuo. Kijiko cha mwisho kilitolewa mwaka 1909 kwa Cuthbert Holthouse wa St John's, mpiga makasia wa klabu ya Lady Margaret. Kilikuwa na urefu wa zaidi ya mita moja na kilichongwa kutokana na kasia. Baada ya mwaka huo majina yakaanza kutangazwa kwa alfabeti ndani ya kila daraja, na mtu wa kupewa kijiko akawa hajulikani tena. Vijiko vya mtoni vikaendelea.

Mahafali hufanyika kwenye jengo la Senate House. Koleji huingia kwa zamu, na usidhani kongwe ndiyo hutangulia: kwanza King's, kisha Trinity, kisha St John's, ndipo nyingine zifuate kwa umri, na Peterhouse yenye miaka yake yote inajikuta ya nne. Wahitimu huletwa wanne wanne na mwakilishi wa koleji yao. Yeye hunyoosha mkono wa kulia, na kila mhitimu hushika kidole kimoja cha mkono huo, huku mwakilishi akiwatambulisha kwa Kilatini. Halafu kila mmoja hupiga magoti mbele ya Makamu Mkuu wa Chuo, viganja vikiwa vimeunganishwa, naye huvifumbata kwa mikono yake na kutamka kwa Kilatini maneno ya kumpa shahada. Anainuka, anainama kwa heshima, anatokea mlango wa pembeni, na huko nje ndiko anakokabidhiwa cheti. Mwenye shahada ya kwanza akivumilia miaka sita tangu muhula wake wa kwanza uishe anaweza kurudi kuchukua ya uzamili bila mtihani wowote. Hilo huwaudhi sana waliosomea uzamili wao vyuo vingine, na mimi niko upande wao.

Ukiwa Uingereza wakati wa kufunga mwaka, mpangilio haubadiliki sana. Mbio ni juma la mwisho la muhula, karibu na katikati ya Juni. Zikiisha Jumamosi, kesho yake Jumapili huanza Wiki ya Mei kwa karamu za bustanini. Kwa desturi Jumatatu usiku ni dansi la Trinity na Jumanne ni la St John's. Mahafali huja zaidi ya wiki moja baadaye, mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, na kuingia ndani ni kwa wahitimu na wageni wao wenye tiketi. Fataki za madansi watu wa mji huzitazama bure, wengine wakiwa ndani ya boti. Mbio nazo hazina kiingilio. Ni kufuata tu njia ya kando ya mto nje kidogo ya mji. Kaa upande wa majani, kwa sababu makocha hufukuza mashua zao kwa baiskeli kwenye njia hiyohiyo, na macho yao hayako mbele, yako mtoni.