Presha ya 134 kwa 86: unayo au huna?

Mtu anapimwa, anaambiwa 134 kwa 86, na swali linalomtoka ni moja: "Daktari, nina presha au sina?" Kipimo kimoja hakiwezi kumjibu.

Shirika la Afya Duniani linahesabu shinikizo la juu la damu pale vipimo vya siku mbili tofauti vinapofika 140 kwa namba ya juu, au 90 kwa ya chini. Wataalamu wa moyo wa Marekani walishusha kiwango hicho mwaka 2017 hadi 130 kwa 80. Basi usihangaike sana na jina. Hatari ya kiharusi na ya moyo hupanda kidogo kidogo kadiri namba inavyopanda, wala haingoji 140.

Kwanza tujue kama namba yenyewe ni ya kweli. Nimeona mtu katoka kupanda ngazi, kakaa ukingoni mwa kitanda miguu inaning'inia, mkanda wa kipimo umefungwa mkononi juu ya shati, huku anaulizwa habari za nyumbani. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kupandisha namba. Nenda haja ndogo kwanza, kisha kaa kimya dakika 5, umeegemea, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Na mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, mashine itasoma juu kuliko hali halisi.

Ukiwa na mashine nyumbani, pima asubuhi na jioni kwa siku 7, kila safari mara mbili kwa kupishanisha dakika 1. Andika zote, hata zisizokupendeza. Za siku ya kwanza huachwa. Zilizobaki hutafutiwa wastani, na hapo kiwango ni 135 kwa 85. Wapo ambao presha hupanda kwa kumwona daktari tu. Wapo pia wanaoonekana wazima kliniki kumbe nyumbani iko juu, na hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi.

Wengi walio mpakani hawaanzi na dawa. Chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye vyakula vya viwandani. Tembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki, punguza uzito na pombe. Taja pia dawa unazomeza: ibuprofeni na diklofenaki za maumivu ya mgongo huweza kupandisha presha.

Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au aliyewahi kupata kiharusi amwone daktari mapema, maana kwake namba hiyohiyo huenda ikahitaji dawa. Mjamzito akifika 140 kwa 90, aende kliniki siku hiyohiyo.