Mhandisi awepo kabla ya zege kumwagwa: ushauri kwa wanaojenga Tanga

Wananchi wengi wa Jiji la Tanga wanaojenga nyumba za ghorofa hufahamu kwamba maombi ya kibali cha ujenzi huhitaji michoro iliyogongwa muhuri wa wataalamu, na kwa sababu hiyo humtafuta mhandisi, humlipa kwa ajili ya michoro, kisha huagana naye. Kuanzia hapo jengo hubaki mikononi mwa fundi mkuu. Tunapenda kueleza kwa msisitizo kuwa michoro ni sehemu tu ya kazi ya mhandisi, na kwamba usimamizi wake katika eneo la ujenzi ndio unaohakikisha kuwa kilichokokotolewa kwenye karatasi ndicho kinachosimamishwa kiwanjani.

Ardhi ya Tanga si ya namna moja. Mahali pengine mwamba wa chokaa hupatikana karibu na uso wa ardhi, na kwingine kuna udongo wa mfinyanzi au kifusi kilichojazwa miaka mingi iliyopita. Mapango ya Amboni, kaskazini mwa jiji, yanaonyesha wazi jinsi maji yanavyoula mwamba wa chokaa na kuacha uwazi ndani yake. Kwa hiyo kuchimba msingi hadi sururu igonge jiwe, na kuridhika hapo, hakutoshi, kwa kuwa jiwe hilo laweza kuwa tabaka jembamba tu. Mhandisi huagiza upimaji wa udongo kabla ya kuchora msingi, na msingi ukishachimbwa hushuka mwenyewe kukagua iwapo ardhi iliyoonekana ndiyo aliyoikadiria. Akikuta upande mmoja umekalia mwamba na mwingine umekalia udongo laini, hubadili usanifu wa msingi, maana jengo la namna hiyo likiachwa hivyo hutitia upande mmoja na kuta zake hupasuka.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yetu halipewi uzito unaostahili katika miji ya pwani, ni chumvi. Nondo iliyofunikwa vizuri na zege hukaa miaka mingi bila kutu, lakini chumvi ya mchanga wa ufukweni, ya maji ya kisima kilicho karibu na bahari, au inayoletwa na upepo wa bahari ikiifikia, kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma kilicholiwa, hivyo husukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke na kumeguka. Nguzo nyingi za baraza zilizo karibu na bahari zina ufa mrefu wa wima unaofuata nondo, wenye madoa ya rangi ya kahawia, na watu huuziba kwa plasta na rangi bila kugusa chanzo chake. Kinga yake ni mchanga na maji visivyo na chumvi, zege lililoshindiliwa vyema, na unene wa kutosha wa zege nje ya nondo, ambao katika mazingira ya bahari mara nyingi huwa milimita 40 hadi 50. Unene huo hupatikana kwa kuweka vipande vidogo vya zege kati ya nondo na mbao, na huweza kuonekana tu kabla zege halijamwagwa.

Maji nayo yana hesabu yake. Ikiwa uwiano wa maji kwa saruji ulioelekezwa ni 0.5, mfuko mmoja wa kilo 50 unastahili lita 25, zikiwemo zile zilizokwisha kulowanisha mchanga. Wakati wa masika mchanga huja ukiwa umelowa, na fundi anayeongeza ndoo nyingine ili zege lisukumike kwa urahisi hulidhoofisha bila kukusudia. Mhandisi hupima ulaini wa zege papo hapo, huchukua sampuli za kuvunjwa maabara baada ya siku 7 na siku 28, na ndiye anayeruhusu mirunda kuondolewa. Zege pia linapaswa kumwagiliwa kwa angalau siku saba, na katika joto la Tanga agizo hilo halina msamaha.

Tunawasihi kwa moyo wote wenye majengo wasiongeze ghorofa bila hesabu mpya. Zege la sakafu lenye unene wa sentimita 15 lina uzito wa takriban kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 pekee kina karibu tani 6, kabla ya kuta, samani na watu. Nguzo na misingi iliyosanifiwa kwa ghorofa moja haikuandaliwa kubeba mzigo huo. Jengo lililoporomoka Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu zaidi ya 30 lilikuwa bado linajengwa, ilhali lile la Kariakoo, lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, lilikuwa tayari na maduka na wafanyabiashara ndani yake. Kwa hiyo mhandisi anahitajika hata jengo lililokwisha kutumika linapopanuliwa, linapochimbwa chini, au ukuta wake unapobomolewa.

Kabla ya kuingia mkataba, mwenye jengo ahakikishe kuwa mhandisi huyo amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kwamba fani yake ni ya ujenzi, kwa kuwa mhandisi wa umeme au wa mitambo hasanifu nguzo. Mkataba utaje hatua atakazokagua: msingi ukishachimbwa, nondo za kila ghorofa zikishafungwa, na kila mara kabla ya kumwaga zege. Siku ya zege isipangwe mpaka awe ametia saini katika daftari la eneo la ujenzi. Kazi ikikamilika, daftari hilo, majibu ya maabara na michoro ya jengo kama lilivyojengwa hasa vikabidhiwe kwa mwenye jengo avihifadhi pamoja na hati ya kiwanja, kwa sababu mhandisi yeyote atakayeulizwa baadaye kama jengo linaweza kuongezwa ghorofa ataomba kwanza kuviona.