Kutoa betri hakufuti kadi ya kuwashia gari

Watu wamekaririshana miaka eti ukitoa betri kwenye kadi ya gari lisilotumia ufunguo (ile kadi ya rimoti ya kufungulia na kuwashia gari), kodi, yaani namba za siri zinazoitambulisha kadi kwa gari, zinafutika na lazima ukaprogramu upya. Hapana jamani. Kodi zimekaa kwenye memori isiyohitaji umeme kuzishika, na ndani kuna chipu inayopewa umeme na gari lenyewe, ndo maana hata betri ikifa kabisa ukiichomeka kadi kwenye tundu lake, au kwa magari mengine ukiigusisha kwenye batani ya kuwashia, gari linawaka. Ukiweka betri mpya (nyingi CR2032 au CR2025, soma maandishi usibahatishe) na bado kimya, mara nyingi lehemu imeachia pale kwenye vibati vya betri, fundi wa elektroniki anachomelea tu. Kuprogramu ni kwa kadi mpya.