Mvua imenyesha, lakini imekwenda wapi?

Februari iliyopita niliitwa kwenye shamba la alizeti wilayani Chamwino. Juzi yake mvua kubwa ilikuwa imenyesha, lakini kufika saa sita majani yalikuwa yamenyong'onyea. Mzee mwenye shamba akanipokea kwa maneno ninayoyasikia kila msimu: "Mwanangu, mvua zetu hizi hazitoshi tena."

Nikamwomba jembe, tukachimba kando ya mche mmoja. Juu palichimbika bila shida. Kwenye kina cha shubiri moja hivi, jembe likagonga na kurudi. Tukaung'oa mche. Mzizi mkuu wa alizeti, ambao unaweza kushuka zaidi ya mita moja, ulikuwa umefika pale ukapinda, ukalala ubavu. Tulipovunja lile tabaka gumu, yaani gamba, chini yake udongo ulikuwa mkavu kabisa.

Gamba lile limetokana na plau. Shamba limelimwa kwa kina kilekile mwaka baada ya mwaka, kwanza kwa ng'ombe, siku hizi kwa trekta la kukodi. Kila chuma kinapopita, hushindilia udongo ulio chini yake.

Nilimpigia mzee hesabu. Mvua ya milimita 30 kwenye eka moja ni zaidi ya lita 120,000 za maji. Dodoma tunapata milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, kwa hiyo kila mvua ni mali. Ikikuta ardhi tupu, matone hupasua chembe za udongo, uso wa shamba unaziba, maji yanakimbilia korongoni na kubeba mboji yote.

Udongo wetu wa kanda ya kati ni mchache wa mboji na hugangamaa haraka. Waingereza walioleta mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947 walikuja na matrekta mengi; jua lilipoukausha udongo ule, hata kung'oa karanga kukawa kazi. Mwaka 1951 mradi ukaachwa.

Kwa mzee nilishauri mashimo ya Chololo, yaliyobuniwa hapa hapa Dodoma: mashimo madogo ya kina cha sentimita 30 hivi, yenye samadi, yanayovunja gamba na kushika maji palepale penye mbegu. Mwenye uwezo wa kukodi jembe la kupasua gamba apasue baada ya mavuno, ardhi ikiwa kavu. Ikiwa mbichi haipasuki, inajikandika tu.

Kinachoniumiza zaidi ni mabua. Namwambia mkulima aache mabaki yafunike ardhi, lakini kwa desturi yetu shamba likishavunwa ni malisho ya wote. Ng'ombe wa jirani wanamaliza mabua, na kwato zinashindilia upya. Mkulima mmoja peke yake hawezi kulizuia hilo. Linahitaji sheria ndogo ya kijiji. Mzee ameahidi kulipeleka kwenye mkutano wa kijiji kabla ya mavuno, nami nimemwambia nitakuja na ule mzizi.