Akishiba Halindi? Mbwa wa Gramu 800 Analinda Nini?

"Mbwa akishiba halindi, daktari." Nimeambiwa hivi na mzee wa Karen mwenye Boerboel wawili, wale mbwa wakubwa wa ulinzi, nikaambiwa na dada wa Ruaka aliyenunua Maltese wake wa kwanza, mbwa wa jamii ndogo, na juzi tena na kijana wa Kitengela aliyeletewa Japanese Spitz na mjomba wake. Wote wanalisha kwa mtindo mmoja: mara moja kwa siku, jioni, watu wakishamaliza kula. Kuhusu Boerboel sitabishana sana. Mwili wa kilo 60 una akiba ya kuufikisha jioni. Lakini kitoto cha wiki 9 chenye gramu 800 hakina akiba hiyo, na sina njia ya upole ya kulisema: ukikilisha mara moja kwa siku, unakihatarisha. Tena, kinalinda nini? Hata paka wa jirani hakiogopi.

Tatizo ni sukari ya damu. Mbwa asipokula, ini hutoa sukari kutoka kwenye glikojeni, yaani akiba ya sukari iliyohifadhiwa humo. Kwa mtoto wa Chihuahua, Yorkshire Terrier, Pomeranian au Maltese, ini lenyewe ni dogo mno na akiba hiyo huisha baada ya saa chache. Mbwa mkubwa angeanza kutumia misuli na mafuta. Huyu misuli yake ni ya kutafuta na mafuta hana. Ubongo wake, nao, ni mkubwa ukilinganisha na mwili, na ubongo haukubali kusubiri. Ongeza baridi. Mwili mdogo hupoteza joto haraka, na kulirudisha joto kunakula sukari ileile. Ndiyo maana mwezi wa Julai, watu wa Limuru na Tigoni hunijia asubuhi na mapema.

Huwaleta ndani ya katoni, wamefungwa leso. Mwenye mbwa ana uhakika amelishwa sumu na jirani. Kitoto kimelegea, fizi ni nyeupe, masikio baridi, na kichwa kinadondoka ukikiinua kwa kidole. Wengine huwa wameshaanza degedege. Natoa tone la damu sikioni, naliweka kwenye mashine ileile wanayopimia watu wa kisukari, na namba inasoma chini ya 3.3 (milimoli kwa lita), mara nyingine chini sana. Nikishampa glukosi ya mshipa, wengi huinua kichwa kabla sijamaliza kuandika kadi. Hapo ndipo mtu huniuliza, kwa sauti ya chini, "Kumbe ilikuwa njaa?" Ilikuwa njaa. Si kila mmoja anayeinua kichwa, lakini, na degedege likishadumu, ubongo unaweza usirudi ulivyokuwa.

Kwa hiyo yeyote mwenye mbwa wa jamii hizi awe na pakiti ya glukosi ya dukani jikoni. Ukimkuta anayumba, au amelala haitiki, koroga glukosi kwa maji kidogo iwe nzito, umpake kwenye fizi na chini ya ulimi kwa kidole. Asali inafaa, hata maji mazito ya sukari yanafaa. Usimmiminie mdomoni: aliyelegea hamezi, na kinachoingia mapafuni kitamuua hata sukari ikipanda. Mfunge kwenye taulo pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu, kisha uje kliniki hata kama ameshaamka na kutikisa mkia, kwa sababu sukari hiyo hupanda kwa muda mfupi tu na kuanguka tena. Usitumie vitu vya utamu vya wagonjwa wa kisukari vyenye zailitoli (xylitol). Kwa mbwa hivyo hushusha sukari zaidi na kuharibu ini.

Sasa ratiba. Hadi wiki 12, nataka ale mara 5: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku kabla hamjalala. Huo mlo wa saa 4 usiku ndio ninaoupigania kuliko yote, maana usiku ndio mfungo mrefu. Kutoka wiki 12 shuka hadi mara 4, kisha mara 3 akikaribia miezi 6. Kati ya miezi 6 na mwaka, mara 3 au 2 kulingana na mwili wake. Akishakomaa, mara 2, na iwe mara 2 hadi uzeeni. Mbwa wa kilo 2 hafai kukaa saa 24 bila kula, awe na umri gani.

"Na nani atakuwa nyumbani saa 8 mchana?" Swali zuri, lakini lingeulizwa kabla ya kununua. Msaidizi wa nyumbani anaweza, mtoto aliyetoka shule anaweza, jirani mwema anaweza. Kama hakuna kabisa, acha chakula kikavu kwenye kibakuli, kwa umri huo tu, mradi yuko peke yake. Wakiwa wawili, mmoja atakula vya mwenzake na wewe utadhani wote wameshiba. Vyakula vilivyolowekwa au vilivyopikwa visikae zaidi ya saa moja. Kwenye joto la Mombasa vinachacha ukiviangalia.

Halafu kuna suala la kiasi, ambalo watu huliruka. Hesabu tunayotumia inampa mtoto wa mbwa wa kilo 1, aliye chini ya miezi 4, takriban kilokalori 210 kwa siku. Mbwa mzima wa kilo 30 anahitaji kama 1,400, yaani chini ya 50 kwa kila kilo. Huyu mdogo anahitaji zaidi ya mara 4 ya hapo kwa kila kilo ya mwili wake, na tumbo la kuviweka hana. Gramu 100 za ugali zina kilokalori 120 hadi 150 hivi, kwa sababu sehemu kubwa ya ugali ni maji. Ili umshibishe kwa ugali ungelazimika kumsukumia gramu 140 hadi 175 kila siku, karibu moja ya sita ya uzito wake, na bado protini ingepungua na kalsiamu ingekuwa hakuna. Chakula kikavu cha watoto wa mbwa chenye kilokalori 350 hadi 400 kwa gramu 100, anahitaji kati ya gramu 50 na 60 tu. Kiloweke kwa maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, ukigawe mara 5, basi. Siwaambii hivi kwa kuwa nauza chakula. Kliniki yangu haiuzi.

"Mpe kidogo ili abaki mdogo"

Hii huwa inatoka kwa wauzaji, na inanichefua. Ukubwa wa mbwa hurithiwa kwa wazazi. Ukimnyima chakula hupati mbwa mdogo mzuri wa kubeba kwenye mkoba. Unapata mbwa aliyedumaa, mifupa myembamba, manyoya yasiyo na nuru, na mwili usiojibu chanjo inavyostahili. Jamii inayokaa kwenye kikombe cha chai haipo. Wanaouzwa kwa jina hilo kando ya barabara mara nyingi ni wa wiki 5 wanaosemekana kuwa wa wiki 8. Mfungue mdomo kabla ya kulipa: kama meno ya mbele ndiyo kwanza yanachomoza na magego ya nyuma hayaonekani, bado alistahili kuwa kwa mama yake.

Mbwa wa jamii ndogo hufikia karibu nusu ya uzito wa utu uzima akiwa na miezi 4 hivi, na humaliza kukua kati ya miezi 8 na 12. Muda wa kumjenga ni mfupi. Ukiupoteza kwa kumbania, huwezi kuurudisha mwakani.

"Ameshiba, angalia tumbo"

Tumbo la mviringo juu ya mgongo mkavu ni minyoo. Toxocara canis humpata mtoto angali tumboni mwa mama, na anayezaliwa msafi huipata kwenye maziwa. Kwa hiyo "hajawahi kutoka nje" si hoja. Dawa ya minyoo hutolewa akiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Kwa vipimo vya uzito wake wa siku hiyo, tafadhali, siyo nusu kidonge cha Boerboel. Mnyoo huohuo huwaingia watoto wanaocheza mchangani, na ukifika jichoni unaweza kuharibu macho.

Kujua kama ananenepa sawasawa, liache tumbo, shika mbavu. Kunja ngumi upitishe kidole juu ya vifundo: mbavu zikiwa kali hivyo, amekonda. Sasa nyosha mkono upitishe juu ya mgongo wa kiganja, chini ya vidole: hapo ndipo panapotakiwa. Ukiifikia sehemu laini ya kiganja bila kuhisi mfupa, amezidi. Kisha mpime kwenye mizani ya jikoni kila wiki, siku ileile, kabla hajala, na uandike. Kitoto kinachokua kinaongezeka kila wiki. Wiki ikipita namba isisogee, nataka kumwona. Ikishuka, nataka kumwona leo.

"Maziwa ya ng'ombe yatamnenepesha"

Yatamharisha. Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini maradufu ya yale ya ng'ombe, na sukari ya maziwa pungufu. Mtoto aliyeachishwa hapati faida yoyote hapo ya kulinganisha na kuhara. Mpe maji.

"Mbwa ni wa nyama"

Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna, hivyo mwili hukamua mifupa yake wenyewe. Nimeona Spitz wa miezi 5, aliyelelewa kwa maini na nyama ya kusaga, akivunjika mguu kwa kuruka kutoka kwenye kochi. Kinyume chake pia ni kosa: anayekula chakula kamili cha watoto wa mbwa haongezewi unga wa kalsiamu.

Mabaki ya mezani nayo yana vitunguu, na vitunguu vibichi au vya mchuzi huharibu chembe nyekundu za damu. Zabibu, chokoleti na makadamia ziwe mbali. Watu wa Murang'a na Embu, haya makadamia yanayodondoka uani mwenu nayajua.

"Unga wa mbwa unatosha, ni mahindi tu"

Ni mahindi gani? Mengi ya yale yanayosagwa na kuuzwa kwa kipimo kama unga wa mbwa ni yaliyokataliwa: yameota ukungu, yamebadilika rangi. Ukungu huo hutoa sumukuvu. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake. Mbwa huathirika nayo kwa urahisi, na ini lake ndilo huanza kufa. Sasa mchukue mbwa ambaye ini lake ndilo linalobeba akiba yote ya sukari, umpe kitu kinachoua ini. Ukitaka kupika, pika mahindi unayoweza kula mwenyewe, na yawe sehemu ndogo ya sahani, pamoja na omena waliooshwa chumvi na yai.

"Nimefuata maandishi ya pakiti"

Umeyasoma vibaya. Kiasi kilichoandikwa ni cha siku nzima, na wewe unampa hicho kila mlo. Pia jedwali nyingi huuliza uzito atakaokuwa nao akikomaa, si alionao leo. Hawa ndio ninaokutana nao wakiwa na miezi 10, wamekuwa duara, wanakohoa kwa sababu mrija wa pumzi umebanwa, na goti la nyuma linateguka wakipanda ngazi. Kwenye mbwa wa kilo 3, nusu kilo ya ziada si mapambo. Akifika miezi 6 au 7, kasi ya kukua imepungua. Punguza na wewe. Biskuti, vipande vya chapati na vya soseji visizidi asilimia 10 ya anachokula kwa siku, na watoto wa nyumbani waambiwe.

"Akigoma, mwache, njaa itamfundisha"

Labda mbwa mkubwa mwenye maringo. Mdogo aliye chini ya miezi 4 akigoma, angalia kwanza kama umembadilishia chakula ghafla (mabadiliko yachukue wiki nzima, kidogokidogo) au kama amehamia kwako jana na bado anaogopa. Pasha chakula moto kidogo, kinukie, umlishe mkononi. Milo 2 mfululizo ikimpita, au akitapika, au choo kikiwa na damu, huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo, na parvo haisubiri Jumatatu. Usinitumie video kwenye WhatsApp saa 7 usiku ukiniuliza kama anaonekana sawa. Mpake glukosi, mfunge kwenye taulo, uende naye kliniki yoyote iliyo wazi. Na ubebe choo chake kwenye mfuko, maana tutakiomba.