Uoni hafifu darasani: kutengwa ambako hakuna aliyekukusudia

Kila unapofika wakati wa kusajili watahiniwa wa Darasa la Saba, wazazi wa watoto wenye uoni hafifu, wakiwamo wenye ualbino, huja kwetu na malalamiko ambayo shule huyajibu kwa sentensi moja: "Hakuna aliyembagua mtoto huyu." Mara nyingi jibu hilo ni la kweli, na hapo ndipo penye ugumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi, lakini mtoto anaweza kukosa somo zima katika darasa ambalo kila mtu anampenda.

Niliwahi kuketi nyuma ya Darasa la Sita moja wakati wa Sayansi. Mwalimu, mchapakazi kweli kweli, aliwagawa wanafunzi sita sita, kila kikundi kitabu kimoja. Msichana mmoja mwenye ualbino husoma kitabu kikiwa karibu kumgusa pua. Alipokiinua, wenzake watano wakabaki wanatazama jalada, naye akakirudisha mezani bila kuambiwa. Kiongozi wa kikundi, kwa upole kabisa, akampa kazi ya kutunza muda. Baadaye aliinuka kwenda kusoma ubaoni, sauti ikatoka nyuma: "Unatuziba!" Akarudi kuketi. Mwalimu alipokipitia kikundi hicho alikisifu kwa ushirikiano.

Niseme wazi, maana nimelirudia hadi nimechoka: dawati la mbele si tiba. Kwa mwenye ualbino, upungufu wa melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, nywele na macho, huathiri ukuaji wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mishipa inayounganisha jicho na ubongo, kwa hiyo miwani husaidia lakini haimalizi tatizo, na mwanga mkali humuumiza mtoto. Dawati la mbele lililo mkabala na mlango unaoingiza jua la asubuhi laweza kuwa baya kuliko la safu ya pili kivulini. Mwalimu anayetamka kila anachokiandika ubaoni amekwisha kumsaidia mtoto huyo bila kusubiri bajeti ya mtu. Kinachoniudhi zaidi ni ile huruma ya "asisumbuliwe": haulizwi swali, anasamehewa kuchora pembe, daftari lake halisahihishwi, halafu tunashangaa matokeo yake.

Kuhusu mtihani, Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi za maandishi yaliyokuzwa, na watahiniwa wenye uoni hafifu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Haki hiyo haiombwi mlangoni siku ya mtihani. Hutokana na taarifa ya ulemavu iliyojazwa wakati wa usajili, na anayewajibika kuhakikisha imejazwa ni mwalimu mkuu. Mzazi aende na maelezo ya mtaalamu wa macho, aanze kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, na aombe kuona kilichojazwa badala ya kuridhika na "tumeshajaza". Asiposikilizwa, aende kwa afisa elimu kata, na baada ya hapo kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, kwa maandishi yenye tarehe, akibaki na nakala.

Wapo wanaotaka mwalimu aadhibiwe papo hapo. Mwalimu wa shule ya umma anayekaidi maelekezo kwa makusudi anaweza kufunguliwa shauri la nidhamu kwa mujibu wa Sheria ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya mwaka 2015, ambako hupewa hati ya mashtaka na nafasi ya kujitetea kabla ya uamuzi wowote. Kupanga vikundi vibaya bila kujua hakufiki huko. Hurekebishwa kwa maelekezo, shuleni hapo hapo.

Kwa darasa lile la Sayansi niliacha maelekezo mawili: kurasa za somo zitolewe nakala kwa herufi za ukubwa wa 18, na saa ya kutunza muda izunguke kwa wote sita.